Funguo Asizopewa Fundi

Katika mji wetu wa Babati, mtu anunuapo simu mpya, aghalabu si yeye aiwashaye kwa mara ya kwanza, bali ni yule kijana wa kibandani karibu na stendi, ambaye hulifungua boksi, akatia laini, akamfungulia mwenye simu akaunti ya barua pepe kwa nywila aliyoibuni yeye kijana, akampakulia WhatsApp, na hatimaye akamwuliza kwa adabu, "Mzee, namba ya siri tuweke ipi?" Naye mzee, kwa kuwa amemwamini kijana huyo kama alivyowaamini mafundi wa redio kabla yake, humtajia mwaka aliozaliwa, tena kwa sauti, huku wateja wengine wakingoja zamu zao papo hapo. Sisemi haya kwa nia ya kuwashusha hadhi mafundi wetu, kwani wengi wao ni waaminifu, na lau wasingekuwapo, watu wengi wa mji huu wasingejua hata kupokea fedha kwa simu. Nasema ili ieleweke kwamba mazoea ya kumkabidhi fundi kila kitu chenye betri na kioo yametuingia mno, na kwa vitu vingi hayajatudhuru sana, maana nywila iliyosahauliwa hubadilishwa, laini iliyopotea hurudishwa kwa namba ya NIDA na alama ya kidole, na fedha iliyotumwa kimakosa, ukiwahi kumpigia mtoa huduma, huenda ikazuiwa kabla haijatolewa.

Lakini kimeingia miongoni mwetu kitu ambacho mazoea hayo yakikigusa, mwenye mali amekwisha kupoteza hata kabla hajajua. Nacho ni pochi ya kifaa, yaani kile kipande kidogo cha plastiki na chuma kinachoenea kiganjani, chenye kioo chembamba na aghalabu vitufe viwili, kitumikacho kuhifadhi funguo za sarafu za kidijitali kama Bitcoin. Rai yangu ni kwamba kifaa hiki mtu akichague kwa kuangalia kwanza kimepita mikononi mwa nani kabla ya kumfikia, na akikwisha kukipata, asimruhusu mtu yeyote, awe fundi, awe mpwa wake aliyesoma, kukiwasha kwa niaba yake.

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili ni halali hata liandikwe gazetini. Msimamo wa nchi yetu umekwenda kwa hatua. Mwezi Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwa umma kuwaonya watu juu ya biashara ya sarafu hizi, ikakumbusha kwamba fedha halali ya nchi ni shilingi. Mwezi Juni 2021, akizindua jengo la Benki Kuu jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki hiyo ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo badala ya kungoja yatukute. Na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 juu ya malipo yatokanayo na uhamishaji wa mali za kidijitali. Mimi simshawishi mtu kununua sarafu hizi, ambazo bei zake hupanda na kushuka kwa namna iwezayo kumtia mtu ufukarani katika majuma machache, na mzazi mwenye ada ya mtoto ya kulipa mwezi Januari hana ruhusa ya dhamiri kuigeuza ada hiyo kuwa Bitcoin. Walakini wamo tayari miongoni mwetu walio nazo: vijana wafanyao kazi za kompyuta kwa waajiri wa ng'ambo wakalipwa kwa sarafu ya kidijitali iitwayo USDT, wafanyabiashara waagizao bidhaa mbali, wazazi wenye watoto ughaibuni. Hao wana mali, mali yahitaji hifadhi, na kunyamaza kwetu hakumfai yeyote ila tapeli.

Walio wengi huiacha mali hiyo katika masoko ya mtandaoni walikoinunua, wakidhani kuiona hesabu kwenye simu ndiko kuimiliki. Mwezi Februari 2014 soko la Mt. Gox la Tokyo, ambalo kwa muda lilikuwa kubwa kupita yote ya aina yake, lilifunga milango likisema kwamba Bitcoin zipatazo 850,000 zimetoweka. Mwezi Novemba 2022 soko la FTX lilifilisika katika siku chache tu, na mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, akahukumiwa kifungo cha miaka 25 mwezi Machi 2024, huku wateja wake wakipangwa katika foleni ya wadai. Watu wa Babati hawana haja ya kwenda Tokyo ili walielewe jambo hili. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi ziingiazo nchini mwake, mkulima wa huku aliyekuwa na magunia yake stoo aliiona bei ikianguka mbele ya macho yake kwa uamuzi uliofanywa na watu asiowajua wala wasiomjua. Pochi ya kifaa humtoa mtu katika utegemezi wa namna hiyo, lakini palepale humtwika mzigo mwingine, nao ni kwamba hakuna ofisi ya kwenda kulalamika, hakuna namba ya huduma kwa wateja, wala hakuna hakimu awezaye kuamuru muamala urudishwe.

Sarafu zenyewe hazimo ndani ya kifaa, na hili ni jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi sawasawa. Sarafu ni hesabu zilizoandikwa katika daftari la wote, ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani, na kilichomo ndani ya kifaa ni ufunguo wa siri, yaani namba kubwa mno ambayo aliye nayo ndiye awezaye kutia sahihi ya kuihamisha hesabu ile. Kazi ya kifaa ni kuuzaa ufunguo huo ndani kwa ndani, kutia nao sahihi ndani kwa ndani, na kutouachia abadan utoke kwenda kwenye simu au kompyuta, ambazo zimejaa programu za kila namna. Na kwa kuwa kifaa huharibika, huibiwa na hupotea, siku ya kwanza humwonyesha mwenyewe kiooni maneno, aghalabu 12 au 24, moja baada ya jingine, ambayo ndiyo ufunguo wenyewe katika sura isomekayo na mwanadamu. Aliyeyapata maneno hayo kwa mpangilio wake ana mali yote, hata kama kifaa kimo mfukoni mwako. Na aliyeyapoteza, siku kifaa chake kitakapokufa, hana kitu. Mkoa wetu unayo tanzanaiti, ambayo kule Mirerani imezungushiwa ukuta wa kilomita 24 uliozinduliwa Aprili 2018, ili jiwe lisitoke bila kuonekana. Mali tunayoizungumzia hapa haizungushiki ukuta wowote, kwa sababu huibwa kwa kusomwa tu, na aliyesoma huondoka mikono mitupu.

Hapa ndipo mazoea yetu yanapogeuka kuwa hatari, tena kwa njia ambayo watengenezaji wa vifaa hivi, walioko Ulaya na Amerika, sidhani kama waliifikiria. Maneno hayo huchaguliwa kutoka orodha maalumu ya maneno 2,048, iliyowekwa katika utaratibu ulioandikwa mwaka 2013, na orodha itumikayo karibu kila mahali ni ya Kiingereza. Zimeandaliwa orodha nyingine za Kihispania, Kifaransa, Kijapani, hata Kicheki, lakini Kiswahili, lugha ya mamilioni ya watu, hakimo. Matokeo yake ni kwamba mtu mzima mwenye akili timamu, aliyefanya biashara miaka yote bila kudhulumiwa, akiyaona maneno hayo kiooni huingiwa na hofu ya kukosea herufi, akamwita mtu wa kumsaidia kuandika, na kwa tendo hilo moja la unyenyekevu akawa ameigawa mali yake.

Nimeyashuhudia hayo. Mzee mmoja, mfanyabiashara wa nafaka ambaye mwanawe alimletea kifaa kutoka ng'ambo, alikuja nacho kibandani siku ya mnada, kingali ndani ya boksi lake la karatasi nyeupe. "Shikamoo, mzee," kijana akasema. "Marahaba, mwanangu. Mtoto amesema hiki ni cha kuwekea akiba, nami macho yangu hayaoni maandishi haya, hebu niwashie." Kijana akakichomeka kwa waya kwenye kompyuta yake, akabonyeza, na maneno yalipoanza kutokea akafanya kile ambacho kila fundi mwema angefanya kwa mteja aliyemheshimu: akachukua simu yake mwenyewe akayapiga picha moja moja, kisha akasema, "Nimekuhifadhia, mzee, yasije yakakupotea." Hapakuwa na hila hata chembe katika jambo lile. Lakini picha zile zilikuwa sasa katika simu ya mtu mwingine, simu ambayo kwa mpangilio wake hupeleka kila picha katika hifadhi ya mtandaoni, na kila atakayeishika simu hiyo, au kuijua nywila ya akaunti ile, au kuinunua simu hiyo ikiwa imetumika bila kufutwa vizuri, angekuwa mrithi wa mzee yule kabla mzee hajafa. Niliwaomba radhi wote wawili kwa kuingilia mazungumzo yasiyonihusu, nikaeleza, na kijana, kwa uungwana wake, akakifuta kifaa papo hapo na kumrudishia mzee akaanze upya nyumbani kwake.

Mtu asiyejua Kiingereza hana sababu ya kumwita mwandishi. Orodha ile imetungwa kwa namna ambayo herufi nne za mwanzo za kila neno hazifanani na za neno jingine lolote, kwa hiyo anayejua kusoma herufi, ingawa hajui maana ya neno hata moja, aweza kunakili herufi nne nne kwa utulivu, akalinganisha na kioo, na ufunguo wake ukawa kamili. Kifaa chenyewe humsaidia, kwani akikwisha kuandika humtaka athibitishe maneno, na akikosea humrudisha. Kazi hii huchukua nusu saa kwa mtu asiye na haraka. Nusu saa hiyo na itafutwe usiku, chumbani, mlango umefungwa, simu zote zikiwa chumba kingine, na asiwepo mtu anayejitolea kusoma kwa sauti.

Sasa nije katika kuchagua. Vijana huniuliza ni kampuni ipi iliyo bora, kana kwamba jibu ni jina, na mimi huwauliza kwanza wanakusudia kukipata kwa njia gani. Mwezi Mei 2023 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilieleza habari za mtu aliyenunua kifaa cha Trezor kupitia tangazo la mtandaoni. Boksi lilikuwa sawasawa, vibandiko vyake vilikuwa havijaguswa, nacho kilifanya kazi kama kinavyopaswa kufanya, mpaka siku moja zaidi ya Bitcoin moja ikahama ilhali kifaa hakijaunganishwa na kompyuta yoyote. Walipokipasua wakakuta kipande cha ndani kilichobadilishwa na gundi mahali pasipostahili, na programu yake, badala ya kuuzaa ufunguo mpya, ilikuwa ikichagua mmoja kati ya funguo 20 ambazo mwizi alikwisha kuziandaa. Na hiyo ilikuwa hila ya watu wenye maarifa makubwa. Iko nyingine nyepesi zaidi, ambayo mnunuzi hukuta ndani ya boksi kadi nadhifu yenye maneno 24 yaliyokwisha kuchapwa, pamoja na maelekezo ya kuyatumia. Kifaa cha kweli hakiji na maneno hata siku moja. Ukikuta maneno yameandikwa tayari, umeletewa kufuli ambalo aliyekuuzia amebaki na ufunguo wake.

Zingatia basi jinsi bidhaa ifikavyo Babati: huagizwa na mtu wa Dar es Salaam, ikapitia kwa rafiki yake Arusha, ikapakiwa kwenye basi kama kifurushi, ikalala ofisi ya basi usiku kucha, kisha ikachukuliwa na bodaboda. Kwa spea ya pikipiki hakuna taabu. Kwa pochi ya kifaa, kila mkono wa ziada ni mashaka ya ziada, na punguzo la bei analokupa muuzaji wa kati ndilo linalopaswa kukutisha zaidi. Agiza kwa mtengenezaji mwenyewe, au kwa wakala ambaye mtengenezaji amemtaja katika orodha yake. Ikiwa ndugu aliyeko nje ndiye akuleteaye, naye na anunue huko huko kwa njia hiyo hiyo, akulete kwa mkono wake, asikifungue kwa nia ya kukurahisishia. Kisha kabla ya kuweka chochote, kikutanishe na programu rasmi ya mtengenezaji, iliyotoka katika tovuti yake na si katika kiungo ulichotumiwa na mtu, ili ikipime kama ni halisi.

Katika kuagiza kuna tahadhari nyingine, na hapa desturi yetu ya zamani inatufaa. Mwaka 2020 kampuni ya Ledger ya Ufaransa iliibiwa kumbukumbu za wateja wake, na mwezi Desemba mwaka huo majina, namba za simu na anwani za makazi za wateja wapatao 272,000 zikamwagwa hadharani. Baadhi yao waliletewa mlangoni, mwaka uliofuata, vifaa bandia pamoja na barua iliyodai kuwa kampuni inawabadilishia kwa usalama wao. Mzungu aliyetoa namba ya nyumba yake hana pa kujificha. Sisi tuna Sanduku la Posta, ambalo halisemi mtu analala wapi, na yeyote aagizaye kifaa cha namna hii alitumie lile sanduku lililoko posta ya mji, tena la shule au la ofisi ikiwezekana, wala asiandike mtaa na rangi ya geti lake. Na akipata barua, simu au ujumbe wa mtu ajiitaye mhudumu wa kampuni anayetaka maneno yake, ajue kwamba hakuna kampuni ya kweli iyaulizayo.

Kuhusu majina yenyewe nitasema machache. Trezor ya Prague, iliyotangulia sokoni mwaka 2014, huiweka programu yake wazi ili wataalamu waikague, nami naipenda kwa sababu hiyo, ingawa mwezi Januari 2020 watafiti wa soko la Kraken walionyesha kwamba aliyekishika kifaa cha aina zile za mwanzo, akiwa na vyombo vyake, aliweza kuuchomoa ufunguo kwa muda wa dakika 15 hivi. Dawa yake ni kuongeza neno la siri la ziada, lisilohifadhiwa ndani ya kifaa, na matoleo ya baadaye yametiwa kipande maalumu cha ulinzi. Ledger ilikuwa na kipande hicho toka mapema, lakini programu yake haiko wazi yote, na mwaka 2023 ilipotangaza huduma ya kulipia ya kuhifadhi vipande vya ufunguo wa mteja kwa makampuni, wengi walishtuka kwa haki, kwani walikuwa wameamini kwamba ufunguo hauwezi kutoka kwa njia yoyote. Vya bei nafuu vya makampuni haya huuzwa kwa takriban dola 50 hadi 80 za Marekani. Chochote utakachochagua, sharti kiwe na kioo chake chenyewe, kwa sababu ziko programu chafu ambazo, unaponakili anwani ya kupelekea fedha, huibadilisha kimya kimya kwa anwani ya mwizi. Kioo cha kompyuta kitakuonyesha uongo huo bila haya, na kioo cha kifaa ndicho kitakachokuonyesha kweli, maadamu umesoma herufi zote na si tatu za mwanzo peke yake.

Akiisha kuyaandika maneno, mtu asikimbilie kuhamisha akiba yote. Na atume kiasi kidogo mno, thamani ya soda mbili, kisha akifute kifaa makusudi, akirudishe kwa maneno aliyoyaandika, aone kama kile kiasi kidogo kimerudi kuonekana. Jambo hili huwatisha watu, nami nalihimiza kuliko yote, maana karatasi ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu, na herufi moja iliyoandikwa vibaya heri ijulikane siku ambayo kilichomo ni bei ya soda.

Karatasi nayo haitoshi. Mchwa wa Babati tunawajua, na mvua pia. Tarehe 3 Desemba 2023, kule Katesh wilayani Hanang, katika mkoa huu huu wetu, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang asubuhi vikazikumba nyumba na maduka, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mbele ya msiba ule mali si neno la kwanza, na waliofiwa hatuwezi kuwarudishia waliokwenda. Lakini waliobaki walilazimika kuendelea kuishi, na waliokuwa na hati na vyeti ndani ya nyumba zile wanajua maana ya kuanza tena bila karatasi hata moja. Hati ya kiwanja ina nakala ofisi ya ardhi, na cheti cha kuzaliwa kina nakala RITA. Maneno haya hayana nakala popote ila ile uliyoiweka wewe.

Kwa hiyo yaandikwe kwenye chuma, na yawekwe mahali pawili palipo mbalimbali. Makampuni huuza vibao vya chuma kwa kazi hii kwa bei ya kuumiza, ilhali vitu vyake vyapatikana hapa hapa: kipande cha chuma kisichoshika kutu, kinachobaki katika kila karakana ya milango na mageti, seti ya alama za kugongea herufi ambazo mafundi wa vyuma huzitumia, na nyundo. Chuma hicho huwekwa juu ya zege, alama ikasimamishwa wima kwa vidole viwili, ikagongwa pigo moja zito, kwani mapigo mawili huzaa herufi mbili zilizopandana. Herufi nne kwa kila neno, na namba ya neno pembeni. Chuma cha namna hiyo hakiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,400, na moto wa nyumba kwa kawaida haufiki huko. Lakini alama na zikodishwe, na kazi ifanywe na mwenye mali. Fundi wa vyuma, hata akiwa shemeji yako, asigonge herufi moja. Kibao kimoja kikae nyumbani Babati, na cha pili kwa mfano kwa wazazi kule Dareda au Magugu, kimefungwa na kutiwa lakiri, kwa namna ambayo kikifunguliwa utajua. Wako wafikirio kuyakata maneno nusu kwa nusu na kumpa kila ndugu nusu yake. Mimi siwaafiki, kwani nusu moja ikipotea yote yamepotea, na hatari umeizidisha mara mbili kwa kudhani unaigawa.

Limebaki lile ambalo wanaume wengi wa hapa hawapendi kulizungumza, nalo ni kufa. Mtu akifa akiwa na fedha benki au kwenye simu, familia hukaa kikao, huteua msimamizi wa mirathi, huenda Mahakama ya Mwanzo, na kwa barua ya mahakama milango hufunguka, hata kama kwa taratibu. Kwa mali hii barua ya mahakama haina nguvu, kwa kuwa hakuna anayeandikiwa. James Howells wa Newport, nchini Wales, ambaye diski yake yenye ufunguo wa Bitcoin zipatazo 8,000 ilitupwa jalalani mwaka 2013, alihangaika na halmashauri ya mji wake kwa zaidi ya miaka kumi, na mwezi Januari 2025 mahakama ikaikataa kesi yake; naye alikuwa hai, anajua vyema kilichopotea na mahali kilipo. Mjane asiyejua hata kwamba kitu kilikuwapo, atakitupa kifaa pamoja na chaja kuukuu.

Basi mwenye mali hii na aandike wosia, kwa taratibu za sheria au za dini yake, aseme ndani yake kwamba mali ipo, ni ya aina gani, na vibao viko wapi, bila kuyaandika maneno yenyewe, kwa sababu wosia husomwa mbele ya watu. Na mke wake ajue. Nimewasikia wanaume wakisema kwamba mke akijua siri imekwisha, nami naona neno hilo ni dhuluma kwa wanawake waliotunza fedha za vikoba bila senti kupungua, na tena ni ujinga, kwani anayemficha mkewe humwambia rafiki yake wa baa, na wanyang'anyi husikia baa.

Mafundi wetu wasidhani kwamba nawanyima riziki. Ipo kazi wanayoweza kuifanya, tena ya kulipwa: wawe na kifaa kimoja kitupu cha kufundishia, wamkalishe mteja wamwonyeshe jinsi kinavyowashwa, jinsi maneno yanavyotokea, jinsi ya kunakili herufi nne nne, jinsi ya kukifuta na kukirudisha, warudie mpaka mkono wake uzoee, wakague boksi lake wakati lingali limefungwa, kisha wakifute kile cha kufundishia na kumwambia mzee aende na chake nyumbani. Benki Kuu nayo, kwa kuwa serikali imekwisha kuanza kutoza kodi, na itoe kijitabu cha Kiswahili kuhusu hifadhi ya mali hizi, kigawiwe mpaka VETA na kwa maofisa maendeleo ya jamii, na wataalamu wetu wa lugha na wa kompyuta waketi pamoja waandae orodha ya maneno 2,048 ya Kiswahili, mafupi, yasiyofanana kwa herufi nne za mwanzo, na kuipeleka kwa watunzaji wa utaratibu ule, kama walivyofanya Wacheki, ambao kwa idadi ni wachache sana kuliko sisi.